Usiunganishe kwanza zile nukta

Neema dada yangu, habari za masiku, natumai mzima na mama anaendelea vizuri. Nimekimbilia kuandika kwa sababu Juma kanifowadia ule mchoro wako wa majaribio ya kuvuta sampuli za superaloi ya nikeli (aloi ya kuhimili joto kali), unaoonyesha nguvu yake kwa kila joto, na nimeona umechukua nukta ya joto la chumba na ya nyuzi 950 ukazipigia mstari mnyoofu. Tafadhali usimpelekee profesa hivyo!

Superaloi za nikeli haziendi hivyo kabisa. Chuma cha kawaida ukikipasha kinalegea tu, lakini hizi, hasa za bledi za tabaini zenye gama praimu nyingi, yaani zile chembe ndogo ngumu zilizotapakaa ndani ya aloi (kwenye bledi za fuwele moja, zisizo na punje punje, inafika kama asilimia 70), nguvu yake inakaa palepale au hata kupanda mpaka karibu nyuzi 800, ndo inaanza kuporomoka. Mimi hii bado inanishangaza kila nikiiona. Ndani ya gama praimu, ile nikeli tatu kwa alumini moja, dislokesheni (zile kasoro za mstari kwenye fuwele ambazo zikisogea ndo metali inapinda) zinatembea mbilimbili, sasa joto likipanda zinapata nguvu ya kuhamia kwenye uso mwingine wa fuwele na huko zinakwama, kwa hiyo inabidi uvute zaidi ndo zisogee. Yaani joto lenyewe ndo linazifunga. Ukishapita hapo atomu zinahama kirahisi, dislokesheni zinapanda juu ya zile chembe au zinazikata, basi.

Ndo maana mstari wako unanitia wasiwasi, unafuta kilima chote, na mtu akiusoma atadhani kwa nyuzi 700 aloi ni dhaifu kuliko ilivyo. Halafu kuna jambo la pili, aloi nyingi hizi kwenye joto hilo la katikati zinarefuka kidogo tu kabla ya kukatika, oksijeni nayo ikiingia kwenye mipaka ya punje (pale fuwele ndogondogo za metali zinapokutana) ndo balaa, kwa hiyo usiangalie nguvu peke yake.

Na kasi ya kuvuta hujaiandika popote. Kwa nyuzi 950 ukivuta polepole unapata namba ya chini kuliko ukivuta haraka, kwa hiyo bila kasi ile nukta haina maana.

Sasa niambie, ulivuta kwa kasi gani? Ni fuwele moja au ya punje nyingi, na kama ni moja ulivuta upande gani? Thamokapo, ile waya ya kupimia joto, ilikuwa imeshika sampuli yenyewe au ukuta wa tanuri? Sampuli zimebaki, unaweza kuvuta hata tatu kati ya 600 na 850? Salma anaweza kukuachia mashine wiki hii? Nijibu leo hata usiku.