Tuleteeni Tatizo Lenu: Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Miradi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa idara, walimu na wafanyakazi wote,
Wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hadi kuifikia siku hii. Nawe, Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa namna ya pekee. Huu ni msimu wa alizeti, magari yamepanga foleni kwenye mageti ya viwanda vyenu, na bado umeacha shughuli hizo ukaja kukaa nasi. Sisi tunaosoma risala hii ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo na usindikaji wa mazao. Historia ya chuo ameshaieleza Mkuu wetu, hatutairudia. Tuna jambo moja la kukueleza, na mwishoni tuna maombi.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika ofisi ya idara yetu lipo kabati la chuma lililojaa ripoti za miradi ya waliotutangulia. Tulipoanza mwaka wa mwisho tuliruhusiwa kulifungua ili tupate mawazo. Tukakuta mashine ya kupukuchulia mahindi imebuniwa mara nne, na waandishi wanne, kila mmoja akianza upya kana kwamba mwenzake hakuwahi kuwapo. Michoro ni mizuri na hesabu zimekaa sawa. Tulichokikosa katika ripoti zote nne ni ukurasa mmoja unaoonyesha kwamba mkulima au fundi yeyote aliulizwa anahitaji nini. Mradi ulitoka kichwani mwa mwanafunzi, ukapita kwa msimamizi, ukapata alama, ukaingia kabatini.

Upande wa pili nako kuna maumivu. Mwenzetu mmoja alimaliza wiki nane za mafunzo kwa vitendo katika kiwanda kimoja akipeleka barua na kuchemsha chai. Daftari lake la kumbukumbu lilisainiwa siku moja kwa wiki zote nane. Hatumlaumu mtu kwa jina. Tunachosema ni kwamba chuo na kiwanda wamekuwa kama majirani wanaosalimiana juu ya ukuta, na kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakitafuta.

Mwaka 2003 Henry Chesbrough, msomi wa Marekani, alitoa kitabu kilicholipa jina wazo ambalo leo linafundishwa katika vyuo vingi duniani. Wataalamu wanaliita ubunifu wazi. Sisi darasani tumezoea kuliita ubunifu wa milango wazi. Maana yake ni hii: kampuni isitegemee akili zilizomo ndani ya uzio wake peke yake. Itoe tatizo lake nje, ipokee mawazo kutoka kwa vyuo, mafundi, wateja na hata kampuni nyingine, na yale mawazo yake ambayo yenyewe haiyatumii iwaachie wengine wayafanyie kazi kwa makubaliano.

Mfano uliotukaa zaidi ni wa kampuni kubwa ya Marekani ya bidhaa za nyumbani, Procter & Gamble. Walitaka kuchapisha picha na maneno juu ya krispi za viazi za Pringles, moja moja. Badala ya kujifungia maabara kwa miaka, waliandika tatizo lao kwa lugha ya kitaalamu wakalisambaza kwa watu wao wa nje. Jibu likatokea Bologna, Italia, kwenye kiwanda kidogo cha mikate kilichokuwa mali ya profesa wa chuo kikuu. Alikuwa amebuni njia ya kuchapa picha za kuliwa juu ya keki na biskuti. Krispi zenye maandishi zikaingia sokoni mwaka 2004. Tunaomba hapo tutazame mambo mawili: kampuni kubwa kiasi hicho haikuona aibu kusema "hili limetushinda", na profesa yule alikuwa na unga mikononi.

Hata huku kwetu mlango umewahi kufunguliwa, na matunda tukayaona. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, swali lilelile lilimletea kuchekwa. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam akaitembelea shule. Mpemba akasimama akauliza tena, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi maabara, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la fizikia, jina la Mpemba likitangulia. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo. Swali lilitoka kwenye aiskrimu ya kijana wa shule, chuo kikuu kikalipokea, na mwenye swali akapewa haki yake. Tukiulizwa tunataka kufundishwa vipi, tunajibu: vile.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu walimu wetu wawili walijaribu kutufundisha kwa namna hiyo. Kabla ya mwanafunzi kuchagua mradi, alipelekwa kiwandani au sokoni kwa wiki tatu, na akakatazwa kabisa kuleta jibu. Kazi yake ilikuwa kuandika maswali tu. Tunakiri kwamba wiki ya kwanza tuliona tunapotezewa muda.

Kundi letu lilipokewa katika kiwanda kidogo cha kukamulia alizeti nje kidogo ya mji. Mwenye kiwanda alitueleza shida yake: mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, yanatoka na mafuta mengi, na mafuta yanayobaki kwenye mashudu ni hela inayotupwa. Tulikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Tukapima parafujo ya kukamulia, tukaanza kubishana kuhusu nafasi kati ya vyuma. Fundi wa mashine, mzee ambaye hana cheti chochote, alituacha tubishane. Kisha akachota mashudu yakiwa ya moto, akayafumbata, akafungua kiganja. Kilikuwa kinang'aa. Akaenda kwenye rundo la magunia, akatoa mbegu, akaing'ata. Haikukatika, ilibonyea. Akatuambia: "Wanangu, mashine haina kosa. Mbegu imekuja na maji."

Basi tatizo likahama pale pale. Liliondoka kwenye mashine likaenda getini, kwenye mzani. Mkulima analeta alizeti haijakauka vizuri kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa leo. Mnunuzi hana kipimo isipokuwa meno yake. Mmoja anasema imekauka, mwingine anasema mbichi, bei inakatwa kwa makisio na wote wawili wanaondoka wakinung'unika. Katika vitabu vyetu vyote vya mashine za kukamulia, ugomvi huo haumo.

Mama mmoja anayenunua nafaka sokoni alitufundisha njia ya chupa. Unatia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unasubiri. Chumvi ikinata ukutani, nafaka bado mbichi. Tuliijaribu kwa heshima zote. Kwa mahindi inasaidia kweli. Kwa alizeti, ambayo hutakiwa kukauka kuliko mahindi, chumvi ilishuka kavu kabisa wakati mbegu zina maji ya kutosha kuharibu ukamuaji. Tukarudi maabara na njia ya vitabuni: pima gramu 100, kausha kwenye oveni, pima tena, na kila gramu iliyopungua ni asilimia moja ya maji. Jibu ni sahihi, ila linachukua saa kadhaa, na mkulima amesimama na punda wake juani. Ndipo tukatengeneza kifaa kidogo cha kikombe kinachosoma namna mbegu zinavyohifadhi chaji ya umeme, kwa kuwa maji hubadilisha usomaji huo, tukakilinganisha na oveni sampuli kwa sampuli. Kipo meza ya tatu. Hatutaki kukuficha: mbegu zikiwa na makapi mengi bado kinakosea.

Tumejifunza kitu ambacho hakimo kwenye mtihani wowote tuliowahi kufanya, yaani kumsikiliza mtu hadi tatizo lake libadilike mbele ya macho yako. Ndiyo maana tunaona ubunifu wa milango wazi ungekuwa somo kamili lenye vipindi na alama, lisiwe bahati ya kundi lililopata walimu wenye moyo. Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu nchini, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia umevipa vyuo vya umma nafasi ya kuhuisha mitaala ili iendane na soko. Mtaala unaoandikwa bila fundi kuwapo chumbani utazeeka haraka. Tunayathamini pia mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Yamewainua wabunifu wengi. Lakini mashindano hukusanya majibu. Nani anakusanya maswali ya viwanda?

Hapo ndipo tunapokuomba, Ndugu Mgeni Rasmi, wewe na wenzako wenye viwanda. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo mtuletee matatizo yenu yakiwa yameandikwa, hata ukurasa mmoja, hata yale mnayoona haya kuyasema. Kama lipo lenye siri ya biashara, semeni mapema, nasi tutasaini kuitunza. Tufundisheni na hilo, maana kufungua mlango hakumaanishi kuvunja ukuta.

Ombi la pili ni zito zaidi kwetu: makubaliano ya maandishi kabla kazi haijaanza. Mwanafunzi akibuni kitu ndani ya kiwanda chako kwa kutumia maabara ya chuo, ni mali ya nani? Nani atakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, na jina la nani litaandikwa? Wapo wenzetu wanaoficha mawazo yao kwa hofu ya kuporwa, na wapo wenye viwanda wanaotufungia geti kwa hofu hiyo hiyo. Karatasi mbili zilizosainiwa zingewatoa wote wasiwasi.

Kwako Ndugu Mkuu wa Chuo, tunaomba utaratibu wa kuwaalika mafundi wenye uzoefu waje kufundisha vipindi vichache na walipwe kama walimu waalikwa, hata kama hawana shahada. Na lile kabati la chuma lifunguliwe, ripoti ziwekwe kwenye mtandao wa chuo, ili wa mwaka kesho wasibuni mashine ya kupukuchulia mara ya tano.

Ndugu Mgeni Rasmi, fundi tuliyemtaja amekuja, amekaa safu ya nyuma upande wa dirisha. Tumemwomba alete mifuko miwili ya alizeti, mmoja mkavu na mwingine mbichi, bila kutuambia upi ni upi. Ukimaliza hotuba yako tunaomba ufuatane nasi hadi meza ya tatu. Yeye atang'ata kwanza, kisha kifaa kisome, na wewe utuambie kama kinafaa kukaa getini kwako.

Tunaomba kuwasilisha.