Umeme wa gereji ya uani usitoke kwenye soketi ya jikoni

Gereji iliyojitenga na nyumba ni jengo jingine kwa hesabu za umeme, hata kama iko hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Kuunga waya kwenye soketi ya ndani na kuurusha juu ya ua ni rahisi siku ya kwanza tu.

Kazi inaanzia kwenye meni swichi ya nyumba. Gereji ipewe breka yake peke yake. Ampea 32 zinatosha taa, soketi na kompresa ndogo. Umbali ndio unaoamua unene wa waya. Kwa mita 30 na mzigo wa ampea 32, waya wa milimita za mraba 2.5 utachemka, na utapoteza volti 17 njiani: kompresa inaweza kuunguruma bila kuzunguka hadi mota iungue. Waya wa 6 unapoteza volti 7, wa 10 volti 4 na kidogo. Upotevu unaokubalika kwenye volti 230, kuanzia mita ya umeme hadi kifaa cha mwisho, ni volti 6.9 kwa taa na 11.5 kwa vifaa vingine. Waya wa 6 umeshaimaliza posho ya taa kabla haujafika, kwa hiyo hapo tunafunga wa 10.

Tumia kebo ya ardhini yenye ganda la nyaya za chuma, kina cha sentimita 60, mchanga chini na juu yake, kisha utepe wa tahadhari. Ganda hilo liunganishwe na ethi.

Ethi ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoua. Fimbo ya ethi yenye ukinzani wa omu 20 inapitisha ampea 11.5 tu shoti inapogusa bati au mlango wa chuma. Breka ya 32 haitashtuka kamwe, na mlango utabaki na umeme. Ndiyo maana RCD (swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini) ya miliampea 30 ni lazima gerejini, pamoja na swichi ya kuzima jengo zima. Nyutro na ethi zisiunganishwe humo ndani. Zikigusana, RCD ya nyumba itakuwa inakata bila sababu inayoonekana. Tena, usiiweke RCD hiyo nyuma ya nyingine ya miliampea 30 iliyoko nyumbani, maana hitilafu ya gereji itazima hadi friji.

Kabla ya kuwasha, fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, apime insulesheni ya nyaya kwa volti 500: ikisoma chini ya megaomu 1, atafute kasoro kwanza.