Uyoga uuzwe na mzizi wake

Ndugu Mhariri,

Mvua za Novemba zikianza Lubumbashi, uyoga, au bowa kama tunavyouita hapa, huanza kuingia sokoni Kenya, komini mojawapo ya mji huu, na kando ya barabara zinazotoka mjini. Wageni waliohamia huku kikazi kutoka Tanzania, Zambia, na hata ndugu zetu wa Kivu, huununua kwa macho: ni mweupe, ni mpana, bei inafaa. Tunawaomba wasinunue uyoga wa porini uliokatwa shina.

Shina ndilo linaloutambulisha. Uyoga wa kichuguu, ambao hutangulia msimu, huota juu ya bustani ya mchwa, yaani mahali mchwa wanapokuza kuvu wa chakula chao, iliyo chini ya ardhi. Ndiyo maana shina lake hushuka kama mzizi mrefu unaochongoka, na katikati ya kofia kuna kinundu kigumu kilichotoboa udongo. Kwenye nyasi za uani huota mwingine, mweupe na mpana vilevile, usio na mzizi huo. Una pete shinani, na ukikomaa, mikunjo ya chini ya kofia hugeuka kijani. Huo hutapisha vibaya ndani ya saa chache. Mashina yakikatwa na aina zote mbili zikachanganywa katika beseni moja, kuzitenganisha ni kazi hata kwa aliyezichuma.

Uyoga wenye kifuko kama ganda la yai chini ya shina, mgeni auache. Wenyeji wanazo aina za namna hiyo wanazokula, lakini wamezijua tangu utotoni. Wala kitunguu saumu au sarafu chunguni havitambui sumu, na uyoga ulioliwa na wadudu si lazima uwe salama kwa mtu. Sumu kali kuliko zote haziondoki kwa kuchemshwa.

Anayeanza achague ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta, unaofuata mvua zikishakolea. Mikunjo yake si vipande vinavyobanduka. Ni mistari minene inayoteremka mpaka shinani.

Muuzaji aulizwe pia umechumwa wapi. Uyoga hufyonza madini ya udongoni, na mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Maji huondoa vumbi. Metali iliyokwisha kuingia ndani haitoki. Uliotoka msituni, mbali na viwanda na migodi, ndio wa kununua, hata ukiongezewa bei kidogo.

Ubebwe kwenye kikapu. Ndani ya mfuko wa nailoni hutoka jasho, na kufika jioni umeshateleza na kunuka. Suuza haraka mara mbili bila kuloweka, kisha upike dakika 20 au zaidi. Wa kukausha uchanwe vipande vyembamba, uanikwe juu ya wavu ulioinuliwa ili hewa ipite chini, mpaka uvunjike kwa mlio. Ukipinda tu, utaota ukungu. Kilo 10 mbichi hubaki karibu kilo 1.

Aliyekula akianza kutapika, apelekwe hospitali hapo hapo, na mabaki ya chungu yabebwe pamoja naye. Kutapika kukianza muda wa saa sita au zaidi baada ya kula, hatari ni kubwa kuliko kukianza mapema, na nafuu ya siku ya pili isimdanganye mtu: ini huenda bado linaharibika.

Wasomaji wenu,
Lubumbashi