Risala ya Klabu ya Historia kwa mgeni rasmi: Entebbe ni hapo tu ng'ambo ya ziwa

Mzee wetu mgeni rasmi shikamoo, mkuu wa shule shikamoo, walimu na wazazi wote shikamooni, wanafunzi wenzangu mambo vipi.

Mimi ndo katibu wa Klabu ya Historia, nimeambiwa hii risala isizidi dakika tano, ila mwalimu mlezi naomba usiangalie saa sana maana mambo ni mengi na mgeni mwenyewe kaja.

Mgeni rasmi, klabu ina wanachama 34, tunakutana Ijumaa baada ya vipindi, ada ni mia tano kwa mwezi na wanaolipa tunawajua. Mwaka huu tulipanga tusome tukio moja tu lakini tulisome mpaka tulimalize, tukapiga kura, ikashinda ile ishu ya makomando wa Israeli kuokoa mateka Entebbe mwaka 1976. Wengine walicheka wakasema hayo ya Wazungu yanatuhusu nini sisi watu wa Mwanza, tukawaonyesha kwenye ramani, kutoka hapa Capri Point ukikata ziwa moja kwa moja kwenda kaskazini ni kama kilomita 280 tu unaingia Entebbe. Ni maji haya haya tunayooshea vyombo!

Kwa kifupi ilikuwa hivi. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilipita Athens kubeba abiria, ikaruka, hapo hapo ikatekwa na watu wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ikapelekwa Benghazi kule Libya kujaza mafuta alafu ikaja Entebbe, na Idi Amin akawapokea kama wageni wake kabisa. Walichotaka ni wafungwa 53 waachiwe na dola milioni 5 juu. Baadaye wakawaachia abiria wengi wasio Waisraeli, rubani Mfaransa Michel Bacos akaambiwa na wewe nenda na watu wako, akakataa, akasema abiria ni wa kwake na haondoki, wafanyakazi wenzake nao wakabaki. Huyo mzee klabu nzima tunampenda, kwenye kura ya nani alikuwa jasiri kuliko wote alipita bila kupingwa, na hakushika hata bunduki.

Sasa wengi tulianza tukidhani stori ni bunduki, kumbe kazi kubwa ilifanyika kabla hata ndege hazijaruka. Lile jengo la zamani la uwanja wa ndege walimowekwa mateka lilijengwa na kampuni ya Israeli, kwahiyo ramani zake zilikuwa zipo kwao. Wale abiria walioachiwa walipofika Paris wakakaliwa chini wakaulizwa kila kitu, watekaji wako wangapi, wanasimama wapi, mlango unafungukia upande gani. Alafu Amin mwenyewe ndo alikuwa anamaliza uenyekiti wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikabidi aende kwenye mkutano Mauritius, siku ya mwisho ya madai ikasogezwa hadi tarehe 4 Julai na makomando wakapata muda wa kufanya mazoezi. Yaani wangeharakisha siku mbili nyuma sidhani kama leo tungekuwa tunaisoma hivi.

Usiku wa tarehe 3 Julai ndege nne za mizigo za jeshi, Hercules, zikasafiri kama kilomita 4,000 zikiruka chinichini ili rada zisizione, ya kwanza ikatua Entebbe kwenye saa sita usiku, ikashusha Mercedes nyeusi na Land Rover ili walinzi wadhani ni Amin karudi. Inasemekana Amin alikuwa kashabadilisha, anatembelea nyeupe, walinzi wawili wakaisimamisha gari na risasi zikaanza mapema kuliko mpango. Makomando wakaingia ukumbini wanapiga kelele kwa Kiebrania na Kiingereza watu walale chini. Dakika chache watekaji wakawa wameshakufa, na kwa ujumla hawakumaliza hata saa mbili ardhini, wakaondoka na mateka 102 wakapitia Nairobi kujaza mafuta.

Mgeni rasmi, hapa ndo klabu iligawanyika, mpaka siku moja mlinzi akaja kutufukuza darasani saa kumi na mbili na nusu. Kundi moja linasema operesheni bora kupata kutokea, basi. Kundi la pili, na mimi nimo, tunasema hesabuni wote. Mateka watatu walikufa kwa risasi za mle ukumbini, mmoja kijana wa miaka 19 aliyenyanyuka akadhaniwa mtekaji. Kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, akafa. Askari wa Uganda makumi kadhaa wakafa, vijana tu waliopangiwa lindo usiku ule. Alafu Amin hasira zake akawamalizia Wakenya waliokuwa wanaishi Uganda, wakauawa kwa sababu ndege zilijaza mafuta kwao. Na nchi yetu wakati ule ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, pamoja na Libya na Benin tukapeleka azimio la kulaani kuvamiwa kwa Uganda, wakati kila mtu anajua Mwalimu Nyerere na Amin hawakuwa wanapikika chungu kimoja. Kundi la kwanza hapo lilikaa kimya kidogo.

Ila kuna mtu mmoja ndo katufanya tukuombe uje wewe na sio mtu mwingine. Bibi Dora Bloch, mateka wa miaka 75, alikwamwa na chakula kooni akapelekwa hospitali ya Mulago, makomando walipokuja yeye yuko kitandani Kampala. Wakaondoka bila yeye. Akatolewa wodini akauawa, na mwili wake haukuonekana mpaka mwaka 1979 jeshi letu lilipomng'oa Amin, ndo mabaki yakapatikana karibu na shamba la miwa nje ya Kampala. Tumeambiwa wewe mzee ulivuka Kagera kwenye vita ile. Vitabu tunavyosoma vinamalizia stori pale Hercules zinaporuka, hatukuona vinavyokutaja wewe na wenzako.

Na vita ile ile ndo Tu-22, ndege ya kivita ya Libya iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kupiga Mwanza ikakosa, roketi zikaangukia kisiwa cha Saanane zikaua swala. Bibi yangu anasema alikuwa anaanika dagaa Igogo, akaziacha akakimbia, aliporudi kunguru wamemaliza. Hata ndege kutekwa hatukuangalia tu, Februari 1982 Boeing ya Air Tanzania ilitoka hapa hapa Mwanza kwenda Dar ikatekwa, ikazungushwa Nairobi, Jeddah, Athens hadi Stansted Uingereza, watekaji wanataka Mwalimu ajiuzulu. Hakukuwa na makomando kuvamia, waliongeleshwa mpaka wakajisalimisha.

Changamoto ni zile zile. Projekta hatuna, kuna mfadhili alituahidi, sasa hivi hata simu hapokei. Tunaomba mzee utusaidie hiyo, na kama inawezekana nauli ya wanachama kumi kwenda Entebbe kwa kupitia Mutukula, tukalione lile jengo kwa macho. Ombi la tatu halina gharama, tunaomba Ijumaa moja uje ukae na sisi utusimulie mlivyoingia Entebbe mwaka 1979, tutarekodi kwa simu, chai na vitumbua juu yetu.

Sasa naomba usogee pale mezani uone uwanja tuliotengeneza. Jengo ni maboksi ya sabuni, ziwa ni nailoni ya bluu, Mercedes ni kiberiti tumekipaka kiwi nyeusi. Ukishika angalia vidole mzee, inatoka. Na Hercules ya tatu usiiguse, bawa limebandikwa asubuhi hii na gundi bado mbichi.

Naomba kuwasilisha.