Mkia haukuwa na kosa

Nyegezi, Mwanza
Jumapili mchana

Ndugu yangu Masanja,

Mwangaluka! Najua huko Dar hakuna wa kukuamkia hivyo. Sisi wazima, sato wamepanda bei tena, na Mama Neema anakusalimu, anasema deni analikumbuka. Lako, si lake. Miezi saba kimya, kosa ni langu. Nilikuwa nimenuna. Sasa sina uso, lakini nitaandika hivyo hivyo.

Nakuomba radhi kuhusu mkia.

Kabla hujaondoka tuligawana kazi ya helikopta yetu ndogo, ile ya kurusha kwa rimoti: mkia uliufunga wewe, kichwa na mapanga vikabaki kwangu. Siku nilipoiwasha, mkia ukawa unatikisika kama wa mbwa aliyeona dagaa. Nikapunguza nguvu ya jairo, kile kifaa kinachohisi mkia ukihama na kuurudisha, kutoka asilimia 70 hadi 40. Mtikisiko ukapungua, ila pua ikaanza kujizungukia yenyewe. Mapanga ya juu yakizunguka huku, kiwiliwili kinataka kwenda kule, na wa kukizuia ni huo huo mkia niliokuwa nimeulegeza. Nikarudisha 70. Nikafungua beringi, nikabadilisha mkanda, nikaweka sponji mbili chini ya jairo. Wapi! Basi nikamtangazia kila mtu, Sita, Bahati, mpaka mjomba wako, kwamba Masanja alifunga mkia kwa papara kwa sababu alikuwa anawahi basi. Mjomba wako alitikisa kichwa tu. Sikujua ananikubali au ananihurumia.

Sasa sikia. Wiki juzi nilimsindikiza Bahati kwa sonara, pete ya uchumba (ndiyo, hatimaye). Nimekaa pale nakodolea macho ile mizani yake ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ikanijia: mapanga! Kesho yake nikarudi nayo yamefungwa kwenye gazeti. Sonara akayageuza geuza, akaniuliza hii dhahabu ya wapi. La kwanza likasoma gramu 28.41. La pili 29.33.

Rangi, Masanja. Rangi ya mitumbwi! Ile ya njano niliyonunua Mwaloni ili niyaone vizuri mapanga yakiwa hewani. Panga la kwanza nililipaka ncha mkono mmoja, likakauka salama. La pili nililipaka jioni, na jioni hiyo hiyo likapita wingu la wadudu wa ziwani, wakanasa wote. Nikaacha ikauke, nikakwangua juu juu, nikapaka mkono wa pili, kisha wa tatu. Ukiliinua kwenye mwanga unayaona mabawa yao humo ndani.

Utasema gramu moja ni kitu gani. Nimepiga hesabu: kichwa kinazunguka mara 2,600 kwa dakika, na rangi yenyewe iko nchani, karibu sentimita 33 kutoka katikati. Hiyo gramu isiyotimia inavuta kama mzigo wa kilo mbili, huku na huku, mara 43 kila sekunde. Jairo maskini inahisi mtikisiko, inadhani mkia umehama, inaiamuru sevo, ile mota ndogo inayouongoza mkia, irudishe, kabla haijamaliza inahisi mwingine. Mkia wako ulikuwa unatii amri tu.

Nimekwangua rangi yote. Kila panga nililiweka juu ya penseli nikatafuta panapolala sawa, kwa sababu uzito kulingana hautoshi kama wa moja umejaa nchani na wa pili shinani. Utepe kidogo kwenye lile jepesi, nikarudi kwa sonara. Safari hii hakuuliza kitu, alinyoosha mkono tu.

Leo saa moja kasoro nilikuwa Buhongwa, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Jairo 70. Ikanyanyuka hadi usawa wa kiuno na mkia ukasimama kama umepigiliwa msumari. Nilitamani uwepo. Hata nikakuita, nadhani.

Halafu akashuka mwewe. Hakuigusa, alipita tu kuikagua, lakini mimi nikashtuka nikakata mafuta (ndiyo, ni ya betri, mdomo umezoea pikipiki). Ikaanguka. Mapanga mazima, mkia wako mzima, gia kubwa imeng'oka meno manne. Kwa hiyo naomba unitafutie gia, ya meno 150, uyahesabu kabla hujalipa. Na kile kipimo cha pembe za mapanga ulichoondoka nacho kwenye begi, usinikatalie, Sita alikiona. Miezi saba napima kwa protrakta ya mpwa wangu. Zile nyuzi 5 za pembe ulizoniachia hazitoshi huku. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya kwenu, imenibidi niongeze nyuzi moja na kitu. Hicho "kitu" ndicho protrakta haikioni.

Je, ile yako mpya umeshaifunga, au bado iko kwenye boksi? Mapanga yake umeyapima? Zile betri zilizovimba umezitupa, au bado unazilalia chini ya kitanda? Krismasi unakuja? Utakuja na yule, au niache kuuliza? Gia ukiipata utampa dereva yule wa siku zote? Na mjomba wako nimwambie mwenyewe, au umeshampigia? Maana jana tumekutana sokoni, akaniuliza "mkia haujambo?" kisha akacheka peke yake.

Wako,
Deusi