Anayeninyima mkopo aniandikie sababu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba, mjane, mwaka wa sita huu. Nina mikorosho 74, na hati ya kimila ya shamba ina jina langu peke yangu.

Mwezi Mei nilikwenda kuomba mkopo wa shilingi milioni moja na nusu. Salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, tunapata ya ruzuku, lakini salfa haijipulizi: bomba linataka petroli, palizi inataka vibarua. Nilibeba hati, kitambulisho cha NIDA na stakabadhi za mauzo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, za misimu mitatu. Afisa wa mikopo hakufungua hata moja. "Mama, rudi na mwenye shamba."

Nikarudi na mwanangu wa kiume. Ana miaka 23, anaendesha bodaboda ya mtu, hana hata mche mmoja wa mkorosho. Kiti akapewa yeye, mimi nikasimama. Shamba eka ngapi? Mwaka jana mlivuna kilo ngapi? Kila swali kijana anageuka kunitazama. Ningecheka, ila nauli ilishaliwa mara mbili. Tukaambiwa "tutawapigia." Mikorosho sasa ina maua, simu kimya.

Kijijini kila mtu ana tafsiri yake. Wanawake wenzangu wanasema tunabaguliwa. Jirani yangu mwanaume naye alinyimwa. Anasema ni kwa kuwa wakulima hatuna mshahara. Mzee mmoja anaapa ni umri wake. Mimi naamini ya kwangu, maana kile kiti nilikiona. Lakini ushahidi sina, kwa sababu ukikubaliwa unasaini makaratasi mpaka mkono unachoka, ukikataliwa ni mdomo tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake naijua pia, ila ni ya vikundi, na ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, hausubiri kikao. Anayekataa ombi langu aandike sababu, agonge muhuri, anipe nakala. Kama hati haitoshi, nijue. Kama ni kanga niliyojifunga, iandikwe hivyo hivyo.

Jana kapita mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo kabla hazijavunwa, kaangalia maua, kataja bei yake ya kuumiza. Huyo hakuniuliza mwenye shamba yuko wapi.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara