Harambee kwa Wazee wa Kiinuiti Wanaotibiwa Ottawa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya Kiswahili, tutawachangia wazee wa Kiinuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada, wanaoletwa hapa Ottawa kutibiwa. Wanatoka Iqaluit na vijiji vya kisiwa cha Baffin, kwa ndege, maana Nunavut, jimbo lao la kaskazini, ina makazi 25 na hakuna barabara ya kuyaunganisha. Katika makazi madogo daktari wa meno huja kwa zamu. Jino likianza kuuma ameshaondoka, unasubiri.

Mzee aliyeletwa kwa ajili ya sukari huenda fizi zake zinatoka damu, na hayo mawili huchocheana: fizi mbovu hupandisha sukari, sukari ikipanda fizi huzidi kuharibika. Tena asiye na meno hali chakula cha kwao. Nyama ya sili (mnyama wa baharini), kulungu wa kaskazini aliyekaushwa, maktaaq (ngozi ya nyangumi na mafuta yake, huliwa mbichi), vyote vinataka kutafunwa. Anabaki na mkate na chai ya sukari.

Kuna jingine. Miaka ya 1950 meli ya serikali, C.D. Howe, ilizunguka kaskazini kupima kifua kikuu, na mgonjwa aliweza kuchukuliwa moja kwa moja, bila kuaga. Mwaka 1956 Mwinuiti mmoja kati ya saba alikuwa hospitalini kusini mwa Kanada. Wengine walizikwa huku, jamaa wasijue kaburi liko wapi. Serikali iliomba radhi mwaka 2019. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa mtoto wakati ule. Usishangae akikataa kufungua mdomo mbele ya daktari mgeni. Sisi tuliowahi kulazwa mahali pasipojua lugha yetu tunaelewa.

Tiketi na sehemu kubwa ya matibabu hulipwa na serikali, hayo hatuchangii. Tunachangia nauli na posho ya wakalimani wa Kiinuktitut, lugha yao, watakaokaa na wazee hata jioni. Miswaki laini, dawa ya meno, vikombe vya meno bandia. Na samaki na nyama za kaskazini, zipikwe hadi zilainike. Orodha tumepewa na akina mama wa Kiinuiti tunaoshirikiana nao. Kwa hiyo, tafadhali, makoti ya zamani bakini nayo.

Lengo ni dola 6,000. Methali za harambee mnazijua zote, sizirudii. Ahadi mpeni mhazini, naye atawaandikia risiti. Akina mama wa kwaya watapika pilau, sahani dola 15.